Nipe Miezi Mitatu Kwanza

Nilikuwa na miaka thelathini na minane, kibanda changu cha ushonaji pale Buruburu, na kilo tisini na sita, siku ambayo fundi wa makochi aliniuliza kama ningependa kunywa chai naye Jumapili. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa akiniletea vitambaa nimshonee foronya za mito. Mtu wa maneno machache, mikono yake inanukia vanishi. Nilikuwa nimemngoja aulize kwa muda mrefu.

"Nipe miezi mitatu kwanza," nikamjibu.

"Miezi mitatu? Ya chai tu?"

"Nina kazi nyingi. Sare za shule."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua foronya zake, akaenda. Nilibaki nimeshika makasi. Sare zenyewe nilikuwa nimezimaliza wiki iliyopita.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Miaka minne kabla ya hapo nilikutana na mwanamume tuliyekuwa tumeandikiana naye kwa simu wiki nyingi. Aliponiona nikiingia mkahawani alimaliza soda yake kwa mikupuo miwili, akasema ameitwa kazini. Tangu siku hiyo niliwashonea wenzangu nguo za kuposwa na za harusi, nami nikajishonea madira mapana ambayo hata sikuyapima.

Dada yangu mkubwa, ninayeishi naye, alicheka mpaka akakaa chini nilipomsimulia habari za miezi mitatu. Kisha akanitafutia raba za mazoezi. Jumamosi hiyo, saa kumi na mbili asubuhi, alinipeleka kwenye uwanja wa shule ambako akina mama wa mtaa walikuwa wakifanya mazoezi. Mwalimu wao alikuwa nesi mstaafu, mnene kuliko mimi, kitambaa kichwani na kamba ya kuruka shingoni.

Niliruka mara saba. Ya nane kamba ikaninasa mguu nikaanguka kwa magoti. Nilienda nyuma ya darasa nikalia. Yule nesi akanifuata.

"Mama, unalia kwa sababu umeumia au kwa sababu umeonekana?"

"Nimeonekana."

"Basi hiyo imeisha. Tumeshakuona. Rudi turuke."

Nikarudi. Siku za kazi nikaanza kutembea kwa miguu asubuhi, kutoka nyumbani hadi barabara kubwa na kurudi, kabla ya kufungua kibanda. Nilipunguza sukari kwenye chai na mandazi ya saa nne. Chapati nilishindwa kuacha, nikaziweka za Jumapili. Baada ya miezi miwili nilipanda mizani ya duka la dawa, nikakuta nimepungua kilo sita. Nilitarajia ishirini. Niliteremka nimenuna, na jioni hiyo nikamwambia dada kwamba fundi atangoja mwaka mzima.

Jumamosi iliyofuata nesi alikuwa na mafua, sauti imekauka kabisa. Alinivisha kamba shingoni mbele ya wanawake ishirini, akaninyooshea mkono niwaongoze. Nilitaka kukataa, lakini walikuwa wamekwisha kujipanga. Basi nikahesabu. Mwanzo kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mmoja akaniita mwalimu, nikamkemea kwa kutokunja magoti, wote wakacheka, nami nikacheka nao huku nikiruka. Nilipotazama saa, nusu saa ilikuwa imepita na hata mara moja sikuwa nimelivuta dira langu kuficha tumbo.

Nilimpigia fundi simu papo hapo uwanjani, jasho likinitiririka.

"Ile chai iko?"

"Miezi mitatu haijaisha," akasema.

"Najua. Kesho saa tisa."

Usiku huo nilijishonea gauni la kijani. Safari hii nilijipima kwa futi, kifua, kiuno na nyonga, na nikashona kwa vipimo nilivyopata, si nilivyotamani.

Tulikutana katika mkahawa mdogo wa mtaa wa Fedha. Nilimwona kabla hajaniona, amekaa wima kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Nikatembea moja kwa moja hadi mezani. Aliinuka, akagonga meza, chai ikamwagika kwenye shati lake.

"Pole," nikasema.

"Nilikuwa nimeoga mara mbili," akasema, na hapo akatabasamu wazi. Ndipo nikagundua kwamba kwa mwaka mzima sikuwa nimewahi kuyaona meno yake. Jino la mbele halikuwepo tangu ujana, akanieleza, na aliposikia miezi mitatu alifurahi, kwa kuwa alipata nafasi ya kwenda kwa daktari wa meno kuwekewa la bandia.

"Wewe ulihitaji miezi ya nini? Sare kweli?"

"Ya kilo," nikamwambia. "Zimetoka sita."

Akaifuta chai shatini. "Mimi nilikuita chai ukiwa nazo zote."

Niliagiza chapati mbili, moja yangu na moja yake. Tulikaa mpaka wakaanza kufagia chini ya miguu yetu. Jumamosi iliyofuata alikuja uwanjani, mwanamume pekee kati ya akina mama. Aliruka kamba mara nne, kisha akaenda kukaa kwenye nyasi, akatuhesabia.