Siku Gitega Ilipohamisha Mabenchi

Pazia zito likilowa maji hutoa harufu yake ya pekee: vumbi, pamba kuukuu na moshi kidogo. Kila ninapoinusa najikuta Gitega, Burundi, katika ukumbi wa zamani ulio nyuma ya soko, nikiwa binti mdogo.

Ngoja niwaeleze kwanza ukumbi wenyewe. Wafanyabiashara na mafundi wa mji waliujenga babu zetu walipokuwa vijana. Humo zilionyeshwa filamu, humo watu waliozeshana, na michezo ya kuigiza iliwachekesha watu wa Musinzira, mtaa wa mji huo, hadi wakafuta machozi. Wakati wa vita, familia zililala jukwaani. Amani iliporudi, wenyeji waliupaka chokaa wakaufungua tena.

Mama alizaliwa Musinzira, na katika usichana wake aliigiza humo kabla ya kukimbilia Tanzania. Mimi nilizaliwa huko, katika kambi ya wakimbizi. Huko Mama aliunda kikundi cha watoto, tukaigiza uwanjani, watu wametuzunguka kama wanaoota moto. Ndiyo maana alitufundisha kugeuka tukiwa tunasema: maneno haya kwa hawa, yale kwa wale, ili hata aliyekaa nyuma apate haki yake. Tuliporudi Burundi tulikaa Gashoho, mkoani Muyinga, kwenye shamba la Baba. Mama aliposikia ukumbi umefunguliwa, alitukusanya tena sisi watoto wa kikundi chake. Hakuficha alichokitaka: mji wake umpokee, na utupokee sisi pia.

Jumapili hiyo mchana ukumbi ulijaa. Tulipopanda jukwaani, kijana mmoja alipaza sauti, "Ba Tanzania bamefika! Leo tutasikia redio!" Watu wakacheka, kwa kuwa Kiswahili chetu cha kambini kilinyooka mno masikioni mwao, kama cha mtangazaji wa redio.

Niliigiza mume anayejigamba kwamba kupika maharage ni kazi ya kitoto. Nilianza vizuri. Kisha, kama nilivyozoea, nikageuka kuwapa wa nyuma zamu yao, na utani wangu mtamu kuliko yote nikauambia ukuta wa nyuma ya jukwaa.

Halafu mama mmoja wa mbele akauliza, "Weye mutoto, huo ukuta iko nacheka?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Masikio yangu yaliwaka. Nilimtazama Mama, aliyesimama pembeni penye pazia, nikisubiri anionyeshe la kufanya. Hakutikisa hata kidole. Basi nikarudia maneno yangu kwa ukuta uleule, maana sikujua kuigiza kwa namna nyingine.

Ndipo alipoinuka mzee mmoja mwenye kofia nyeupe, fundi cherehani wa pale sokoni. "Mais, lakini huyu mutoto iko na adabu," akasema. "Hataki kupa mutu mugongo. Ni sisi tumekaa vibaya. We Hamisi, shika benchi!"

Yeye na Hamisi, jirani yake wa benchi, wakalipandisha jukwaani, wakalisogeza hadi ukutani, wakaketi.

"Sema sasa, binti. Mi niko hapa," akasema fundi.

Yule mama aliyenitania akawafuata na kiti chake, kisha wengine, wakisukumana na kukanyagana. Tukazungukwa tena, safari hii na Gitega. Nilirudia utani wangu, na fundi akacheka hadi kofia ikamdondoka. Mchezo ulipokwisha, yule mama alimshika Mama mashavu kwa mikono miwili. "Ni weye? Mama we! Nilikuonaka hapa hapa, ukiwa mudogo!"

Kwa miaka mingi niliamini kwamba watu wale walinifichia kosa. Nilipokuwa mtu mzima nikamuuliza Mama: jukwaa lile alilijua vizuri, mbona hakutuonya kwamba watu hukaa upande mmoja tu?

"Nilitaka wasogee wao," akajibu, akiendelea kukunja nguo.

Mwaka ule, sisi tuliorudi ndio tuliosogea kila mahali. Darasani tulibanana mwisho wa dawati. Kisimani tulisubiri wenyeji wamalize. Hata maneno yetu tuliyapinda ili tusichekwe. Mama alitaka tusimame mahali pamoja jinsi tulivyo, aone nani atainuka. Aliuamini mji wake kuliko sisi tulivyouamini, na mji ukamjibu kwa kubeba mabenchi.