Sahani ya Mayala

Mayala alipokuwa hai, Sabina hakuwahi kutangulia kula. Mumewe alifanya kazi kwenye kivuko cha kwenda Sengerema, zamu ya mwisho. Watoto walikula mapema wakalala, naye akabaki jikoni kwake Buswelu, masikio yote kwenye mnyororo wa geti. Ukilia tu, anasonga ugali. Wanakula wawili, wanalala.

Mwaka jana, alfajiri, Mayala aliamka ameshika kifua, jasho linamtiririka. "Kunaungua humu," alisema. Kabla bajaji haijapatikana alikuwa ameshakwenda.

Sabina aliendelea kungoja. Saa ile ile alisonga ugali wa watu wawili, akakaanga sangara, akapakua sahani mbili. Yake aliila. Ya Mayala aliitazama mpaka ikapoa, halafu akaila nayo, maana angewezaje kummwagia mbwa chakula cha mume? Kisha alijilaza, na hapo ndipo moto ulipoanza: ukatoka tumboni, ukapanda kifuani, ukafika kooni na uchachu mkali. Pale pale alipokuwa ameshika Mayala.

"Ananiita," alimwambia jirani yake Bernadeta asubuhi moja, huku akilamba magadi.

"Mzimu gani huyo anayesubiri ushibe sangara kwanza?" Bernadeta akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akashusha sauti. "Nenda hospitali, mwenzangu. Mzimu atakungoja."

Binti yake, Dorcas, ndiye aliyemburuta. Njia nzima Sabina alikuwa akiaga: kanga zangu gawaneni, mnizike Kisesa, ubavuni kwa baba yenu.

"Mama, nyamaza basi, watu wanatusikia!"

Walimpima moyo kwa mashine. Moyo ulikuwa mzima. Daktari, binti mdogo tu, alivuta kiti karibu.

"Shikamoo, mama. Jioni unakula saa ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Saa nne."

"Kingi?"

Dorcas akajibu, "Cha watu wawili."

Daktari hakuuliza mtu wa pili ni nani. Alieleza taratibu kwamba juu ya tumbo kuna kitu kama mlango. Tumbo likijaa, tena mafuta mengi, halafu mtu akajilaza, mlango huo unaachia na tindikali inapanda. Ndiyo kiungulia. Ale kidogo, mapema, akae muda wa saa tatu hivi baada ya kula ndipo alale, na kitanda kiinuliwe upande wa kichwani. Magadi aache, yanapandisha presha. "Ila kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi, ukatoka jasho, usingoje kuche. Njoo hapo hapo."

"Mume wangu alitoka jasho."

"Pole sana, mama. Huenda shida yake ilikuwa moyo. Yako siyo hiyo."

Yako siyo hiyo. Dorcas alishukuru Mungu kwa sauti. Sabina alitoka kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Nyuma ya nyumba palikuwa na rundo la tofali alizofyatua Mayala kwa ajili ya chumba ambacho hakuwahi kukijenga. Dorcas alichukua mbili, akaziweka chini ya miguu ya kitanda cha mama yake, upande wa kichwani. Wakala jua likiwa bado linawaka juu ya ziwa. Sahani ya Mayala ilibaki tupu kabatini.

Usiku Sabina alilala akiungoja moto. Haukuja. Ulikuja mlio wa mnyororo getini, saa yake ile ile.

Miguu ilikuwa tayari imegusa sakafu alipojizuia.

"Nimeshakula, baba Dorcas," alisema gizani. "Sijakupikia. Usinikasirikie."

Mnyororo ukalia tena, mara moja, polepole. Sabina alishika godoro kwa mikono miwili, akalishikilia mpaka nje kukawa kimya. Halafu akaweka kiganja kifuani. Kulikuwa kumepoa. Hakukuwa na mtu humo anayemwita.