Wasiokufa Wakifiwa

Nimo katika kundi la wasomaji kwenye simu. Wengi wao ni wa bara, wachache wa huku pwani, na kinachotukutanisha ni vitabu vile vinene vya dunia zisizokuwapo: misitu inayosema, majitu, mbilikimo wachimbao mawe chini ya milima, na wale watu warembo wa misituni ambao hawazeeki wala hawafi. Siku moja mwenzetu mmoja alitaka kila mtu ataje yeye ni wa jamii gani kati ya hizo, na kwa nini. Majibu yakamiminika. Karibu wote walikuwa watu wa misituni. Sikushangaa. Hapa Mji wa Kale nako, ukimuuliza mtu asili yake, babu yake alitoka Arabuni na jambia la fedha kiunoni. Sijapata kusikia hata babu mmoja aliyekuja kama mpishi.

Zamani nami ningejibu hivyo hivyo. Tangu shuleni, mtaani Tudor, nilipokuwa mrefu kuliko wavulana na nikitaniwa mlingoti, nilijihesabu katika watu wale. Nilipenda namna wanavyotazama mambo kwa mbali. Hawapigi kelele, hawagombanii mahali pa kukaa, na msiba ukiwafika husimama wima, macho makavu. Nilipoachwa na mume wangu nilikunja nguo zangu, nikaita tuktuki, nikaenda. Dereva alidhani nahamisha mizigo ya mtu mwingine. Nilijivunia jambo hilo kwa miaka.

Vitabu hivyo aliniletea baba. Alikuwa karani bandarini, na yeye mwenyewe hakusoma ila Kurani na gazeti, lakini kila alipowapitia wauza vitabu vya mitumba waliotandaza kando ya barabara alininunulia kimoja, akikichagua kwa unene kama achaguavyo mkate. Alitazama picha ya jalada na kuniuliza, "Hawa ni majini?" Nilimwambia si majini, ni watu wa misituni. "Dini yao?" Hapo nilikwama, naye akanitazama kwa huruma. Hata nilipokuwa mtu mzima, nauza dawa katika duka huko Tudor na nakaa peke yangu kwenye fleti, kila Ijumaa nilipokwenda kula kwao nilimkuta ameniwekea kitabu kilichofungwa gazeti.

Baba alifariki usingizini, baada ya sala ya alasiri, bila kumsumbua mtu. Nilifanya yote yaliyompasa mwanamke wa nyumba kufanya. Nilipiga simu, nikatandika majamvi, nikapokea makiwa, nikapima mchele wa kisomo cha khitma na kuwagombeza waliokata vitunguu vinene. Wanawake wakanong'onezana kwamba nina moyo, mashaallah, sikutoa hata chozi. Niliwasikia, na nilifurahi. Sioni haja ya kuficha: nilifurahi.

Watu wakaondoka, mama akabaki ndani ya eda. Kwetu mke akifiwa hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipaki wanja wala hina, hajifukizi udi, havai dhahabu. Nilibadilisha zamu kazini, nikahamia kwake, nikatandika godoro langu chini, kando ya jamvi alilokalia mchana kutwa.

Mama alikuwa mwanamke wa maneno. Kuna kijana anayetembeza wageni kutoka Ngome ya Yesu. Huwasimamisha chini ya dirisha letu kuwaonyesha mlango wetu wa nakshi, na kila mwaka mlango huo huzeeka kwa karne nzima. Mama alikuwa akifungua dirisha na kumsahihisha mbele ya wageni wake. Sasa kijana alidanganya apendavyo, na mama alitazama ukuta. Wakija wanawake kumjulia hali aliitikia salamu, akashukuru, akanyamaza. Chakula alikigusa tu. Nikimuuliza jambo alijibu kwa kichwa. Niliogopa. Baba alipozikwa nilikuwa bado na mama; sasa nilimwona naye anakwenda taratibu, ameketi vile vile mbele yangu, na sikujua nimshike wapi.

Kwa kuwa sikujua la kusema, nilisoma. Kilikuwa kitabu cha mwisho alichoniletea baba, kinene kuliko vyote. Siku moja mchana nilifika mahali mbilikimo wawili wanagombania sufuria, nikacheka.

"Wateka nini?" mama akauliza.

Sikuamini kwamba ni sauti yake. Nikamweleza kilichonichekesha. Akasema, "Nisomea."

Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nikisoma kwa macho na kumwambia kwa Kiswahili chetu. Kazi ngumu, maana mama hakuacha mambo yapite. Hao mbilikimo waishio chini ya mlima, nani awapikia? Zimwi hilo lina mama? Na kama lina mama, amelifunza nini? Mwandishi hakuwa amefikiria lolote kati ya hayo. Nilitunga majibu, na nikitunga vibaya alijua.

Baada ya siku chache alianza kuwagawa kwa jamii za kitabuni wanaokuja kututazama. Shangazi, dada yake baba, ni mfupi, mpana, na mikono yake imejaa bangili hadi karibu na viwiko. Alipoondoka siku hiyo mama alisubiri mlango wa chini ufungwe, akasema polepole, "Yule ni wa chini ya mlima." Nilicheka hata nikalalia jamvi. Mama hakucheka, lakini jioni ile alimaliza sahani yake.

Nikamwambia habari ya swali la kundi letu, na kwamba mimi ni mtu wa misituni.

"Kwa nini wao?"

"Hawababaiki, mama. Likiwafika jambo hawaanguki."

Alinitazama muda mrefu.

Katika kitabu kile tulifika mahali ambapo mwanamke wa msituni ameolewa na binadamu, muuza chumvi. Mume anazeeka, mke habadiliki. Mume anakufa. Nilitaka kuiruka sura ile, lakini mama alikuwa ameshashika kwamba mzee yule anakohoa, akaniambia nisimchezee. Basi nikasoma. Mwanamke anakaa katika nyumba ya mumewe. Watu wanakuja, wanazeeka, hawaji tena. Paa linaanguka, miti inaota ndani ya chumba, naye kila asubuhi anammiminia mumewe maji ya kunawa.

Mama akauliza, "Hawa wasiokufa, wakifiliwa na waume, eda yao yawa ya muda gani?"

Nikasema haina kipimo. Mtu asiyekufa akifiwa, hukaa tu.

"Daima?"

"Daima."

Mama akavuta leso yake mabegani. "Mashaka gani hayo," akasema. Lakini hakulisema kwa namna ya mtu aonaye mashaka. Lilikuwa na uchu ndani yake, na mimi nililisikia nikalipuuza, kwa sababu nilikuwa nimefurahi kwamba anasema.

Mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu eda. Nilikuwa nimeitia katika simu, siku ya kuanza na siku ya kwisha, na simu ingenikumbusha. Nilipanga nimwite shangazi na jirani wawili watatu, wamwogeshe mama, wamvike nguo mpya, wamfukize udi, tule kitu pamoja. Siku hiyo haijafika bado, asubuhi moja, shangazi akapanda ngazi akihema, amebeba kifurushi cha leso mpya na kipande cha sabuni ya manukato, na uso umekunjana.

"Kwani mimi si mtu wa nyumba hii?" akaanza kabla ya salamu. "Wifi yangu amekwisha eda tangu juma lililopita, na sikuitwa?"

Nikamwambia hajakwisha. Nikamwonyesha simu.

Shangazi aliitazama simu kama mtu aliyeonyeshwa samaki aliyeoza. "Mwanangu, eda yahisabiwa kwa mwezi wa juu! Tangu lini mke wa Kiislamu akaa eda kwa mwezi wa Kizungu?"

Nilihisi uso unawaka. Nimezaliwa mtaa huu, nafunga Ramadhani kwa mwezi, nafungua kwa mwezi, na bado nilihesabu eda ya mamangu kama mtu ahesabuye kodi ya fleti. Nikamgeukia mama kumwomba radhi kwa kumzidishia siku hizo chache. Alikuwa ametazama chini, akiukunja na kuukunjua upindo wa leso.

"Nalijua," akasema.

Shangazi ni mtu wa makelele lakini si mjinga. Akasema anakwenda kuchemsha maji, akatuacha.

Nilikasirika. Nililala chini wiki baada ya wiki, nilikimbia kwenda na kurudi Tudor kila siku kwenye jua, na yeye ameketi anajua kwamba mlango uko wazi! Nikamuuliza, na sauti haikuwa ya adabu, "Kwa nini hukusema?"

"Humu ndani mimi ni mkewe," mama akasema. "Nikishatoka pale mlangoni, nitakuwa mtu aliyefiliwa na mume. Wataniuliza bei ya samaki."

Nikaiweka simu sakafuni.

"Yule mwanamke wako wa kitabuni, wa maji ya kunawa. Nalimwonea kijicho. Nikasema, ngoja, na mimi nijaribu. Nikae tu."

"Ikawaje?"

Alifikiri. Mama akifikiri hukaza midomo. "Siku za eda zenyewe, babako alikuwamo humu. Nikiketi, nikisali, nikilala, nilikuwa naye. Hizi nilizojizidishia mwenyewe hazikuwa na kitu. Nilikaa, naye hakuwamo. Hata sura yake ilianza kunipotea." Akauachia upindo wa leso. "Mimi si wa kule msituni, mwanangu. Siwawezi wale. Mimi ni binadamu. Aliyetupimia alijua kwamba hatuwezi zaidi."

Katika kundi lile la simu hakuna hata mtu mmoja aliyejibu binadamu. Binadamu huwa wamo katika vitabu hivyo, lakini ni kama mchele mweupe mezani, hakuna anayeusifu. Wana maisha mafupi, huogopa, hubadili nia, hufa katikati ya mambo. Nilisoma vitabu hivyo miaka yote na sikuona kwamba wao ndio pekee ambao huzuni yao ina mwisho.

Shangazi akamwogesha. Akamvika leso mpya, akamketisha karibu na chetezo cha udi hata chumba chote kikawa cheupe kwa moshi, akamtia wanja ukaenda upande, akaufuta, akamtia tena, kwani yeye naye alikuwa amempoteza ndugu, jambo ambalo sote tulikuwa tumelisahau. Walilia wote wawili. Mimi nilikunja jamvi la eda, nikakusanya vikombe, nikapiga deki mahali ambapo hapakuwa na uchafu. Shangazi alipokwisha akaenda kwake kuleta chakula.

Mama akachukua buibui, akashuka ngazi. Nilimfuata hadi dirishani. Alisimama kizingitini kidogo, mkono mmoja kwenye mlango, kisha akatoka, akaenda mtaani akitembea upande wa kivuli. Hakugeuka. Alirudi na mahamri na mbaazi, zimefungwa vile vile alivyokuwa akija nazo baba asubuhi, akaziweka mezani.

Mimi nilikuwa nimeshafunga begi langu. Nikamwambia alhamdulillahi, mambo yamekwisha, acha nirudi Tudor niwahi zamu ya mchana.

"Nani amekwambia yamekwisha?"

"Wewe umetoka eda, mama."

"Mimi nimetoka." Akavua buibui, akalitundika. "Mimi nilipawa miezi minne na siku kumi. Wewe mtoto ulipawa siku tatu za kumlilia babako. Siku zako tatu zilikwenda wapi?"

Nikasema nilikuwa na shughuli. Palikuwa na watu wa kulishwa.

"Watu wamekula, wamekwenda. Weka begi."

"Mama, nina kazi."

"Weka begi." Akaenda pembeni akalichukua lile jamvi, akalitandaza mwenyewe, akalipigapiga kwa kiganja kuniita, kama alivyokuwa akinifanyia nilipokuwa mdogo. "Ndoo ukae hapa. Leo mlango nitaufungua mimi, na akija mtu nitamwambia mwanangu amefiliwa na babake."

Nilitaka kubisha. Nilisimama wima, nikaona chumba chote kwa mbali kama nilivyojizoeza, mbaazi mezani, buibui kwenye msumari, mamangu amepiga magoti juu ya jamvi akinisubiri. Kisha nikakaa. Mama akakivuta kichwa changu mapajani mwake, kwenye leso inayonukia udi, na mimi nikasema, "Baba."

"Lia," mama akasema. "Mimi niko."