Mbolea Niliyosema Tuliiweka Zamani

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, mwekundu mwenye baka jeupe usoni, ana mimba ya miezi saba. Shangazi ndiye aliyenipokea kwake, nje kidogo ya Vwawa, niliporudi na stashahada yangu ya mifugo bila kazi. Akina mama wa kanisani waliponiomba niwafundishe kilimo cha malisho, nilichagua kipande chake cha mabingobingo, nyasi ndefu za kulishia ng'ombe, kiwe shamba la mfano.

Mvua ya kwanza ya Novemba ilinyesha siku moja, ikakata. Majani tulikuwa tumeyafyeka hadi chini, nikataka kuweka mbolea ya urea. Shangazi aliinama, akachimba kwa kidole.

"Udongo haujashiba," alisema. "Tungoje mvua itulie."

"Shangazi, haya mambo nimeyasomea."

Alikung'uta kidole, akaenda zake. Nikaweka mbolea peke yangu, tena kwa mkono mzito kuliko nilivyofundishwa, maana wageni, wale akina mama, wangekuja baada ya majuma matatu na nilitaka wakute msitu.

Jua likawaka siku kumi na mbili. Kisha mvua ikarudi kwa nguvu, na ndani ya siku sita majani yakachipua kijani cha kuelekea weusi. Niliyaonea fahari.

Ng'ombe alikuwa akiishi kwa mabua makavu ya mahindi tangu Septemba. Asubuhi moja, shangazi akiwa anapalilia kahawa, nilifyeka mzigo mzima nikamtupia. Alikula kwa pupa. Nikampiga picha kwa simu.

Saa saba mchana alikuwa anahema mdomo wazi, miguu inatetemeka. Nilimwita shangazi kwa sauti, kisha nikampigia daktari wa mifugo.

"Amekula nini?"

"Mabingobingo."

"Yaliwekwa mbolea lini?"

Nilijua kwa nini anauliza, tulifundishwa darasani: majani yaliyofyonza mbolea nyingi baada ya ukame huwa sumu, na damu ya ng'ombe hugeuka kahawia. Lakini shangazi alikuwa amefika mbio, jembe mkononi, ananitazama mdomoni.

"Zamani," nilisema. "Miezi mitatu iliyopita."

Basi huenda ni gesi tumboni, daktari alisema. Nimnyweshe mafuta ya kula, yeye anakuja. Nilimnywesha, huku najua namnywesha bure.

Daktari alimkuta ng'ombe amekwisha kufa. Alichoma sindano shingoni, akavuta damu. Ilikuwa rangi ya kahawa iliyochemshwa. Akatazama shamba, kisha akanitazama mimi.

"Binti, majani haya yana mbolea ya juzi. Ungeniambia kweli, kuna dawa ningekuja nayo. Siwezi kuapa kwamba angepona, lakini ningejaribu."

Alipoondoka, shangazi aliniuliza, "Wakati unaongea kwenye simu, ulijua?"

"Nilijua, shangazi."

Aliokota jembe akarudi kwenye kahawa. Jioni alinipakulia ugali kama siku zote, kipande changu cha samaki kikubwa kuliko chake.

Nilitaka kuwazuia wageni. Alikataa. "Waje. Nao wana ng'ombe."

Walikuja siku ya tatu, wakaketi kwenye mabenchi kando ya shamba. Niliwaeleza kwamba mbolea ingoje ardhi iloane vizuri. Kwamba ukishaiweka usikate mpaka majuma kadhaa yapite na majani yakomae, hasa mvua inaporudi baada ya ukame. Mmoja akauliza ng'ombe wa hapa alikufaje.

"Tulikosea kipimo, na tulikosea wakati," nilijibu.

Shangazi alikuwa benchi la mbele. Hakunisahihisha. Wanawake wakamgeukia yeye, mwenye shamba na mwenye ng'ombe. "Pole, mama," mmoja alimwambia, akimshika bega. "Ndiyo kujifunza. Siku nyingine utasubiri."

"Asante," shangazi aliitikia. "Nitasubiri."

Nilisimama pale na chaki mkononi, nikasikia akipokea kosa langu mbele ya watu wa kanisa lake. Kisha nikaendelea na somo.