Kisutu cha Dada Zaituni

Kanga mpya ambayo haijaingia maji ina harufu yake. Ni harufu ya wanga na rangi, kavu, inayokwaruza pua kidogo, na ukiikunjua kwa mara ya kwanza hutoa sauti kama karatasi. Harufu hiyo hunirudisha Mtaa wa Likoma, Kariakoo, kwenye nyumba ya Bibi, mama yake mama, yenye vyumba sita, korido moja ndefu na uwani wa saruji uliochubuka. Asubuhi tuliamshwa na mikokoteni ikishusha majora ya vitambaa, na hadi adhuhuri mtaa mzima ulikuwa sauti za watu wakiita wateja. Wengine wakinusa kanga mpya hukumbuka Idi. Mimi nikiinusa napandwa na hasira. Wako watu wazima wenzangu wanaoniambia nisamehe, eti yameshapita. Huwa nawajibu kwamba yakipita nitawaarifu.

Mama alikufa nikiwa na miaka sita. Miezi michache kabla, akiwa tayari anatembea kwa kushika ukuta, alimwomba Bibi ampeleke kwenye maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru. Alirudi na doti moja ya kisutu, ile kanga ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo kwetu ndiyo nguo ya bibi harusi. Kila mtu wa pwani anajua kwamba kanga huuzwa doti, yaani mbili zikiwa zimeshikana, na mwenye nayo ndiye anayezikata katikati na kuzipinda ncha. Mama hakuikata. Alimwita dada yangu Zaituni, wakati huo ana miaka kumi na tisa, akamwekea mapajani na kumwambia ataikata yeye mwenyewe siku ya ndoa yake, moja ajifunge, moja ajitande, na Bibi atampindia. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani nakula embe bichi kwa chumvi na niliyasikia yote. Doti ikaingia kwenye sanduku la bati la Bibi, juu yake pakawekwa vikuba vya asumini vilivyokauka, na kwa miaka minne hakuna aliyeigusa isipokuwa kuipunga upepo.

Nilipofika miaka kumi, Zaituni akaposwa na kijana wa Ilala, mpole, fundi umeme. Hapo ndipo msimu wa harusi ulipoanza, na laiti ungekuwa msimu wa mvua ningeuvumilia zaidi. Baba, ambaye maisha yake yote yalikuwa Feri kwenye mnada wa samaki, aliona mambo ya harusi ni ya wanawake, akamkabidhi kila kitu dada yake, Shangazi Mwajuma. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda kusifiwa, na hao nao huleta madhara yao. Akaunda kamati, na siku ya pili tu akaja na mpambaji, mwanamke mrefu mwenye kucha nyekundu ambaye mtaani walimwita Mama Mapambo. Alikuwa na ofisi ghorofani kwenye mtaa wa jirani, mashela ya kukodisha yakining'inia dirishani kwenye nailoni, na kwapani hakukosa albamu nene ya picha za harusi alizozipamba.

Albamu ile! Jioni nyingi mkeka ulitandikwa uwani, wanawake wakaizunguka kama wanaosubiri sinia la pilau, kila ukurasa ukifunuliwa na vidole vilivyolowa mate. Walitazama maua, mapazia, keki za ghorofa tano, vichwa vya maharusi vilivyojengwa kwa vibanio na dawa ya kupuliza. Mtu akisema hili, mwingine anasema lile, na Mama Mapambo anasema hiyo imepitwa na wakati. Rangi za harusi zikapangwa kuwa nyekundu na nyeupe. Sare za kamati, nyekundu. Zaituni akakodishiwa shela lenye mkia mrefu kuliko korido yetu, lililokwisha kuvaliwa na maharusi ambao hatukuwajua, na likamkaza kwapani. Bibi alilitazama, akasema nguo ya kuazima haisitiri matako, wakacheka wote wakidhani anatania. Wakamchorea nyusi nyingine juu ya zile alizopewa na Mungu. Wakamjaribishia poda nyeupe hadi uso ukawa wa mtu mmoja na shingo ya mtu mwingine. Wakamfundisha kucheka midomo imefungwa. Sasa niambieni, katika majuma yote hayo, nani alimuuliza yeye anataka nini? Hakuna. Kwenye mkeka ule bibi harusi alikuwa anapitisha chai.

Aliomba kitu kimoja tu. Siku hiyo nilikuwa namsaidia kushika birika, na aliliweka chini kabla ya kusema. Alisema shela atavaa, nyusi watachora, jioni ukumbini watafanya wapendavyo. Ila alasiri, nyumbani, ndoa ikishafungwa na mume akiingia chumbani kumpa mkono, atakuwa amevaa kisutu cha mama yake. Mama Mapambo akasema kanga ni nguo ya jikoni, haipendezi kwenye picha. Shangazi akamkatiza kwa upole, akasema mwacheni mtoto, hicho ni kitu kidogo. Kitu kidogo! Zaituni alishukuru mpaka akapiga goti, na mimi nilimpenda Shangazi usiku ule wote.

Jumamosi ya harusi ilifika na nyumba ikajaa. Uwani masufuria yalikuwa yanachemka, chumbani Zaituni amefungiwa na somo wake, yule mwanamke wa kumfunda, amepakwa liwa na hina na haruhusiwi kuonekana. Asubuhi hiyo Mama Mapambo alikuwa ukumbini anafunga tepe kwenye migongo ya viti, na kwenye meza za mbele, za wakubwa, satini nyekundu ikamwishia. Akaja nyumbani mwenyewe, anahema, akamwambia Shangazi anahitaji kitambaa chochote chekundu, sasa hivi, mpiga picha anafika saa sita kupiga ukumbi mtupu kwa ajili ya albamu yake. Bibi alikuwa uwani anaonja chumvi. Shangazi akaingia chumbani kwa Bibi, mimi nikiwa kitandani navalishwa viatu na mtoto wake, binamu yangu Hadija. Akafungua sanduku la bati, akatoa doti. Mama Mapambo akaipapasa ncha na kuuliza kama ni nguo ya mtu. Na Shangazi yangu, mtu aliyezaliwa na kukulia pwani, akajibu, "Haijakatwa wala kupindwa. Bado ni kitambaa tu."

Hapo ndipo nilipo mpaka leo. Kwa sababu alikuwa sahihi, na ndiyo maana alikosea vile. Kwetu kanga ambayo haijakatwa haina mwenyewe. Unaweza kuikuta dukani, kabatini, popote, na huwezi kusema ya fulani. Mama aliiacha nzima makusudi, ili mwenyewe awe Zaituni, na unzima huohuo ndio uliomfanya Shangazi aione haina mtu. Alishasahau lile ombi la uwani. Lilikuwa kitu kidogo. Mimi nilikumbuka, na nilifungua mdomo. Shangazi akaniangalia jicho lile la wakubwa wanapozungumza, na mimi nikaufunga. Nilikuwa nimelelewa vizuri. Adabu yangu ya siku ile ningeweza kuirudisha kwa walionifundisha.

Baada ya sala ya adhuhuri Zaituni alitolewa kwenye maji ya mwisho, akaongezewa hina miguuni, akakaa kitandani na mkasi mapajani, mkasi mpya ambao Bibi alimnunulia kwa kazi hiyo moja. Somo akafungua sanduku. Akatoa vikuba vya asumini, akatoa shuka, akatoa nguo za Bibi moja moja hadi chini kabisa. Nikalia, na kilio changu ndicho kilichosema. Shangazi alipoitwa alishika kichwa, akaapa, akasema atanunua kisutu kingine sasa hivi, maduka si hapo tu, hata kumi atanunua. Zaituni hakupiga kelele. Alisema, "Mkaniletee hicho hicho. Bila hicho sitoki." Kisha akageukia ukuta, na hina yake mbichi ikachafua shuka nyeupe.

Mama Mapambo alipotumiwa mtoto ukumbini aambiwe viti vifunguliwe, alikataa katakata. Mpiga picha alikuwa ameshapita, lakini wageni walikuwa bado hawajaona, na viti vya mbele vikibaki vitupu ataaibika yeye mji mzima. Bibi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Hata siku ile hakuipaza. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi akasema, "Kiti ni cha kukalia. Kiti hakiolewi." Halafu akavaa ndala, akashika njia, na wanawake wote wa uwani wakamfuata na kanga zao zenye masizi, wakaacha pilau na mjukuu mmoja wa kuangalia moto.

Doti ilikuwa imekatwa tepe kumi na mbili, moja kwa kila kiti, na walirudi na vipande kumi na kimoja. Cha kumi na mbili, mpiga picha alipokwisha kupita, kilikatwakatwa kufungia kisu cha keki. Jirani yetu Mama Ndeshi, Mchaga wa Machame aliyekuwa na duka la vitambaa chini ya ghorofa la mbele yetu, alifunga duka Jumamosi mchana, jambo ambalo mtu wa Kariakoo anajua uzito wake. Akatoa cherehani yake barazani, akashona mwenyewe. Hakuwa mtu wa kanga za harusi, kwao harusi ni kanisani na mambo mengine, lakini aliniomba nimshikie vipande na kila nilipompa kimoja alikibusu ncha. Mishono ilikuwa kumi. Maua ya pindo yakaangukia katikati ya mji, yaani sehemu ya ndani ya kanga, weusi ukakutana na weupe, kila kitu kimepindana. Alasiri ikaingia, shehe akafika, ndugu wa mume wakakaa kwenye mikeka wakitazama saa, na cherehani bado inalia. Ndoa ikafungwa bado inalia. Haikubaki hata nguo mbili, ilibaki moja, fupi upande mmoja, na Zaituni hakuwa na cha kukata tena. Akajifunga hivyo hivyo. Mumewe alipoingia kumpa mkono alimkuta amesimama ndani ya kile kisutu chenye makovu, poda imechuruzika na machozi, na alikuwa mzuri. Mimi nilikuwepo, na mwenye kubisha abishe.

Mpiga picha aliinua kamera. Mama Mapambo akamzuia kwa mkono wenye kucha nyekundu, akasema avue kwanza hiyo, itamharibia picha. Wakamvua. Wakamwingiza kwenye shela, wakamchora nyusi upya, na katika picha zote za harusi ile anaonekana mwanamke mweupe usoni, amefumba mdomo, mkia wa nguo umemzunguka kama maji yaliyomwagika. Kisutu kipo kwenye picha moja tu. Kiko kwenye migongo ya viti kumi na mbili, saa sita mchana, ukumbi mtupu.

Yote haya nisingeyaandika kama si binti wa Zaituni, Samira, anayeolewa mwezi ujao. Siku hizi albamu iko kwenye simu. Samira amehifadhi picha za maharusi wa nchi ambazo sidhani kama anaweza kuzionyesha kwenye ramani, na kamati ina kundi la simu linalopiga kengele tangu alfajiri. Mwenyekiti wake ni Hadija, yule mtoto wa Shangazi Mwajuma aliyekuwa ananivalisha viatu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, Mungu anisamehe. Na kisutu sasa ni mtindo. Kile kilichokuwa nguo ya jikoni kimepanda hadhi, kiko kwenye kadi za mwaliko, kwenye keki, kwenye aproni za wapakuaji. Juma lililopita Samira alichimbua picha za harusi ya mama yake, akaipata ile ya viti, akaituma kwenye kundi na maneno kwamba mama yake alikuwa mbele ya wakati na yeye anataka viti hivyo hivyo. Wakamwaga mioyo na makofi. Mpambaji wake akaandika kwamba doti ishirini zitatosha, atazikata mwenyewe.

Nilikuwa nimekaa nao sebuleni nilipoiona, na sikuficha. Nilisema yote, kuanzia mkekani hadi kwenye kisu cha keki, na sauti yangu ilisikika nadhani hadi Jangwani. Nilisema zamani bibi harusi hakuulizwa, leo anaulizwa kila dakika, rangi gani, ua gani, taa gani, na bado hakuna anayemuuliza jambo lenye maana. Nilisema waliosema usiache mbachao kwa msala upitao hawakujua kwamba ipo siku mbachao utakatwa kupamba msala. Zaituni aliniacha nimalize. Kisha akaingia chumbani, akarudi na kisutu, akakitandaza mezani juu ya vikombe vyetu. Kimepauka. Mishono ya Mama Ndeshi haijaachia hata mmoja.

Samira alipitisha kidole kwenye mshono wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi. Akauliza, "Mama, hivi ndivyo ulivyovaa?" Zaituni akaitikia kwa kichwa. Samira alikiinua, akamvika mama yake mabegani, pale pale kwenye kochi, juu ya dera la nyumbani, akampiga picha. Dada yangu hakujua kama acheke au afunge mdomo, kwa hiyo alicheka meno yote. Ni picha ya kwanza yake akiwa amevaa zawadi ya mama, na imechelewa umri mzima wa mtoto aliyeipiga.

Samira akaituma kwenye kundi. Haikupita dakika, Hadija akajibu kwamba ni nzuri sana, ila aelekezwe vizuri, hiyo ni ya viti au ya meza. Samira alitaka kuandika, nikamnyang'anya simu. Nilikosea mara mbili, nikafuta, nikaandika tena polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Hii ni nguo ya bibi harusi. Kiti hakiolewi.