Mafuta Ambayo Hayakutoka Kwenye Chungu Changu

Mimi ni Mama Riziki wa Mboko, kando ya ziwa. Kabla ya kuugua nilikuwa nakamua mafuta ya mawese. Asubuhi moshi wa moto wangu ulichanganyika na ukungu wa ziwa, hata nisijue upi ni upi. Shavuni niliweka tumbaku, kama mama yangu.

Kidonda kilianza pembeni mwa ulimi, kidogo kama punje ya mtama. Hakikuuma. Nikasukutua kwa chumvi, nikasahau. Miezi ikapita. Kikawa kigumu, kikatoa damu na harufu, maumivu yakapanda hadi sikioni. Kwenye hospitali ya Nundu, muganga alichungulia kinywa changu, akaniandikia barua ya kwenda hospitali ya Bukavu. Huko walikata kinyama kidogo, wakapima. Kansa.

Jirani alikuwa amesikia kwamba kansa inakula mafuta. Basi nikaacha mawese, samaki, karanga. Nikabaki na uji mwembamba. Mchana nilijiona naelea juu ya kitanda, sauti za watu zikinifikia kama kutoka chini ya maji. Wepesi ule ulikuwa mtamu. Nilidhani ndio kupona.

Siku niliyopangiwa kupasuliwa huko Bukavu, daktari alinipima uzito, akaona nimekonda mno kupasuliwa. "Mama, mbona haukule?"

"Niko nanyima kansa mafuta."

Akavuta kiti, akakaa. "Ile kansa inajitengenezea mafuta yake yenyewe. Ndani ya seli zake kuko vimeng'enya, ndivyo vinayapika. Batafiti wanatafuta dawa ya kuvifunga. Kwa maabara, wakivifunga, seli za kansa ya kinywa zinakua polepole. Lakini kwetu hiyo dawa haiyafika. Ukikatala chakula, unajinyima we, si yeye."

Mume wangu, Wilondja, aliyekuwa kando yangu, akaniuliza taratibu, "Umesikia?"

Nikalia. Tangu siku hiyo alinilisha sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese, kijiko kwa kijiko, jasho likinitoka kwa maumivu. Wiki tatu hivyo, mpaka daktari akakubali kunipasua.

Walitoa sehemu ya ulimi na tezi za shingo. Nililishwa kwa mpira wa puani. Niliota naita batoto bangu, majina yakitoka kama mapovu, bila sauti. Neno langu la kwanza lilikuwa "maji", na lilitoka limepinda. Wilondja hakucheka. Alileta maji.

Leo herufi nyingine hazinitii, ila vipimo vinarudi vizuri. Namshukuru Mungu, na daktari yule aliyekaa chini kunieleza. Wewe mwenye kidonda cha kinywa kisichofunga, usingoje maumivu. Acha tumbaku. Kula. Dawa ile ikifika siku moja, ikukute uko hai.