Gari Lisilotaka Kuzimwa

Heche alikuwa dereva wa kizazi kinachokwisha. Alijifunzia udereva kwenye pikapu kuukuu ya chama cha ushirika, gari lililokunywa dizeli chafu, dizeli yenye maji, na siku za shida hata mafuta ya taa, likakohoa kidogo na kuendelea na safari. Alilipenda kwa sababu halikuwa na maneno mengi. Yeye mwenyewe hakuwa nayo. Mkewe alipofariki alishika jembe pamoja na wachimba kaburi, akanawa mikono, akauliza kama ndama wamepewa maji. Watu wa Nyanungu, kijijini kwake, wakasema moyo wa Heche umeota sugu, na hawakukosea sana. Mara nyingine alijipapasa ndani, akitafuta panapouma, asipaone.

Siku hizi alifanya kazi Genkuru, kwa Ezra, mtoto wa binamu yake, kijana mwenye mkataba wa kupeleka vipuri na mafundi mgodini. Mkataba ulitaka magari mapya yasiyotoa moshi, basi Ezra akaleta pikapu mpya ya dizeli, nyeupe pe. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Chini ya tumbo la gari hilo kulikuwa na masega ya kunasa masizi, na masega yakijaa, injini hupandisha muungurumo yenyewe na kuyachoma. Tena kulikuwa na tangi la pili, dogo, lenye kifuniko cha buluu, la kutilia dawa ya kusafisha moshi. Dawa ikipungua, gari hulalamika. Ikiisha, au ikiwa mbovu, hukuonya kwa kilomita kadhaa, na baada ya hapo ukilizima haliwaki tena. Heche hakuwahi kuona gari linalonuna hivyo, kama mke mdogo aliyenyimwa kitenge.

Dawa ililetwa kwa madumu kutoka Mwanza. Safari moja ikachelewa, taa ya njano ikawaka, na Ezra akasema wasubiri. Heche akasoma maandishi kwenye dumu tupu: urea na maji. Basi! Mkulima gani wa mahindi Tarime asiyeijua urea? Nyumbani alikuwa na mbolea iliyobaki baada ya kukuzia mahindi. Akaiyeyusha kwenye ndoo kwa maji ya kisima, akaichuja kwa kanga ya marehemu mkewe, akaimimina kwenye tangi. Taa ikazimika. Alijiona mwerevu, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa karibu na furaha.

Werevu huo haukufika mbali. Kabla wiki haijaisha taa nyekundu ikawaka, akalipeleka gari kwa Sadock, fundi wa pale Genkuru. Sadock akafungua kifuniko cha buluu, akachokonoa, akatoka na chembe nyeupe ngumu kama chumvi ya ng'ombe.

"Mura, ndugu yangu, humu umeweka mbolea."

"Si ni urea?"

"Ni urea ya mahindi. Ina mambo yake, na maji ya kisima yana chumvi. Gari limeshajua." Sadock akajifuta mikono. "Sasa nisikilize. Liache liungurume hivyo hivyo. Jioni anakuja fundi wa kompyuta kutoka Mwanza, ataliona hapa hapa. Ukilizima kabla, limelala."

Walikuwa bado wamesimama pale simu ilipoita. Alikuwa Nyangi, dada yake, akipiga kutoka hospitali ya Tarime alikokuwa akimuuguza mama yao. Daktari amesema wamrudishe nyumbani. Hakuna zaidi cha kufanya.

"Na yeye mwenyewe anasema nini?" Heche akauliza.

"Anataka awasikie ng'ombe wakirudi. Basi, hataki kingine. Anasema huku anasikia viatu tu."

Ezra hakukataa kutoa gari. Waisiko, mama yake Heche, alikuwa bibi yake pia. "Kamchukue, mzee Heche," alisema. "Ila usilizime. Likifia Nyanungu, nani atalivuta mpaka huku? Kesho mgodi watachukua gari la mwingine, na mimi sitakuwa na usukani wa kukupa." Hakusema kwa ubaya. Heche akaitikia. Usukani ndicho kitu pekee alichobaki nacho ambacho mikono yake ilikielewa.

Hospitalini mlinzi alimfuata mpaka dirishani.

"Mzee, zima gari. Hapa kuna wagonjwa."

"Likizimwa haliwaki."

"Jipya hivi?"

"Ndiyo maana."

Mlinzi akatikisa kichwa, akamsaidia kumpakia mama. Waisiko alikuwa amebaki mwepesi kama kikapu. Alilala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Nyangi, na njia nzima ya vumbi aliuliza swali moja. "Linasema nini muda wote hili?"

"Linafanya kazi, mama," Heche akajibu.

Walifika jua likiwa limeinama. Wakamlaza kitandani kwake, karibu na mlango unaotazama zizi. Heche alikusudia kugeuza hapo hapo arudi Genkuru, lakini mama akamshika kifundo cha mkono. Alimwita tata, yaani baba, kama akina mama wa Kikurya wanavyowaita wana wao wanapowapenda.

"Kaa, tata. Ng'ombe wanakuja."

Akakaa. Gari lilikuwa uani, linaunguruma, kati ya mlango na zizi. Angelisogeza barabarani, lakini gari jipya lenye ufunguo ndani na injini inayowaka lisingekaa barabarani hata katika kijiji cha malaika.

"Zima hicho kitu," mama akasema. "Sisikii."

"Likizimwa haliwaki, mama."

Nyangi akamtazama kaka yake, akatazama uani, akaenda kumlowesha mama midomo.

Ng'ombe wakatokea bondeni, mume wa Nyangi akiwa nyuma yao na fimbo. Heche aliwaona kupitia mlango: dume mbele, halafu ng'ombe mzee wa mabaka ambaye mama alimlea kwa maziwa ya kuazima alipofiwa na mama yake akiwa ndama. Na hapo hapo masega yakawa yamejaa. Injini ikapandisha sauti yenyewe, ikanguruma uani peke yake, harufu ya masizi yanayoungua ikaenea. Ng'ombe wakasimama. Dume akapuliza pua, akageuka, na wote wakamfuata kurudi bondeni, shemeji akikimbia kuwazuia.

"Hawajafika?" mama akauliza.

"Wanakuja."

"Mbona sisikii? Zima, tata."

Heche akamfikiria Ezra, fundi aliye njiani, mtu mwingine ameshika ule usukani. Akajipapasa ndani kama kawaida yake. Hapakuwa na kitu.

"Bado kidogo, mama. Likimaliza kuchoma litatulia."

Lilichoma. Lilichukua muda wake, kama mtu asiye na mgonjwa. Lilipokuwa bado linanguruma vidole vya mama vililegea kwenye kifundo cha mkono wake, na Nyangi akainama, akasikiliza kifuani, akakaa chini sakafuni.

Heche akauweka mkono wa mama juu ya shuka. Akatoka nje, akafungua mlango wa gari, akazungusha ufunguo.

Kimya kikashuka uani. Taa zote za dashibodi zikazimika, na alijua gari haliwaki tena jioni hiyo. Akasimama pale, mikono ikining'inia. Halafu kutoka bondeni ng'ombe wa mabaka akalia, mara moja, mlio mrefu. Wengine wakaitika. Wakaja wenyewe, wakapita ubavuni mwa gari wakilinusa, na yule wa mabaka akaenda mpaka mlangoni kwa Waisiko, akalia tena, akingoja sauti iliyokuwa ikimjibu kila jioni.

Nyangi alikuja akasimama mlangoni, macho makavu. Alimtazama ng'ombe, akalitazama gari, kisha kaka yake.

"Kumbe linazimika," akasema.

Maneno hayo yakampata Heche mahali pale alipokuwa akipatafuta miaka yote. Panauma. Akageuka, akaenda kufunga zizi.